Sahani ya Tano

Mashine haijui jina la mtu.
Uiandikie kimo, uiandikie lango, maji,
kikusanyaji hutafuna majina yote
na kutema namba tupu,
anwani zisizo na wenyeji,
nyumba elfu sitini, taa zimezimwa.

Kazi yangu hapa Trondheim, Machi, theluji bado magotini,
ghorofa ya tatu juu ya duka la miwani,
ni kuzirudishia nyumba hizo wenyewe.

Naanzia mkiani mwa faili,
ambako kikusanyaji, kwa shingo upande,
huacha makombo: herufi moja, nukta mbili,
namba ya mstari, namba ya aina.
Naokota. Napanga.
Kwanza daftari jembamba, majina matupu,
kama karani wa mlangoni anayeandika nani kaingia
bila kuuliza kamfuata nani,
maana kumbukumbu ya mashine hii ni megabaiti nne
na Bwana Fossheim hanunui ya tano.
Habari kamili za jina nitazisoma
siku jina litakapoulizwa.

Wapo wajina.
I wa ndani ya kitanzi na i wa nje
hawajuani, kila mmoja na ukuta wake;
ukiita, huitika wa ndani,
na wa nje hukaa kimya
mpaka mwenzake afe, mlango ufungwe.
Usiku mmoja niliwachanganya.
Kitatuzi changu kikaniambia, uso mkavu,
kwamba joto la maji ni milango mitatu.
Nilicheka peke yangu hadi Oddvar, mlinzi,
akapanda ngazi kuuliza kama niko salama.

Alhamisi simu ikalia kutoka bwawa la Kvernadalen.
Programu inaanguka kila wakifungua lango la mwisho.
Walichobaki nacho mkononi ni namba: 4A1C.

Nikapiga hodi 4A1C.
Jedwali likafunguka,
faili, kitendaji, mstari wa mia mbili na kumi na mbili,
na jina likajitokeza kama mtu aliyeamshwa usingizini:
bestemor.
Yaani bibi.
Aina: namba kamili. Thamani: tano.

Bwawa lina milango minne.

Aliyeliandika, Halvard Tveiten, amestaafu, anafuga mbuzi.
Nikampigia. Kwa nini bibi?
Nikasikia kijiko kikizunguka kikombeni.
"Bibi yangu alikuwa na wana watano," akasema.
"Eilif alizama ziwani, barafu ilimdanganya.
Kila jioni bibi alipanga sahani tano,
na hakuna aliyethubutu kumsahihisha."
Na bwawa?
"Lango la tano lilizibwa kwa zege mwaka nilioanza kazi.
Wahandisi walilifuta kwenye ramani,
mimi nikaliacha kwenye hesabu.
Niliweka mistari miwili ya kuliruka. Haipo?"

Haipo.
Novemba niliiona, mistari miwili inayozuia hewa,
nikaifagia.
Sikujua maana yake, wala sikuuliza.
Nikamwambia. Alikaa kimya,
kisha akasema mbuzi wanamwita, akakata.

Nimeirudisha mistari yote miwili.
Tano nimeiacha tano.
Kvernadalen wamefungua, maji yamepita,
hakuna aliyepiga simu kushukuru,
na ndivyo unavyojua kitu kimepona.

Leo Bwana Fossheim ameketi pembezoni mwa meza yangu,
anasema jedwali linakula nafasi kama fundo la funza,
majina marefu yote haya ya nini,
tusiyakate kwenye herufi ya sita?
Nikahesabu kwa vidole: b, e, s, t, e, m.
Bestem. Kwa lugha yetu, hiyo ni amri: amua.

Nikaamua.
Nikamwambia hapana.